Mwaka Tulioambiwa Tuhesabu Ng'ombe

Tulimzika Mwalimu Luhende Jumanne mchana, jua kali, vumbi limetanda mpaka kwenye vikombe vya chai. Nilikwenda kwa sababu nilikula chakula cha nyumba yake mwaka mzima nilipokuwa msichana, na kwa sababu mjane wake, Mama Kulwa, alimtuma mtu na baiskeli kuja kuniambia nisithubutu kukosa. Sikukusudia kusema kitu. Lakini walipomaliza kusoma wasifu wa marehemu, yule aliyeshika kipaza sauti akatangaza kwamba sasa tumsikie Bibi Tereza, aliyefundisha naye zamani, atueleze jinsi marehemu alivyowafundisha walimu wa huku njia mpya ya hesabu. Nikainuka, magoti yakalia. Nikasema marehemu alikuwa mtu mpole, alipenda maziwa ya mgando, na Mungu amlaze mahali pema. Nikakaa. Watu wakanionea huruma, wakadhani ni uchungu umenizuia kusema. Uchungu ulikuwepo, sikatai, maana yule mzee nilimpenda. Ila kilichonikaa kooni kilikuwa hasira, tena hasira ya zamani, niliyodhani nimeshaimaliza, kumbe imekaa tu inanisubiri. Makaburini si mahali pa kuisema, basi nitaisema hapa.

Habari za wazazi wangu na kwetu Ushirombo haziingii katika jambo hili, naziruka. Niseme tu kwamba katikati ya miaka ya hamsini, nikiwa nimetoka kwa masista na cheti changu cha ualimu hakijakunjika hata pembe, nilipangiwa shule moja ya kijijini, mwendo wa nusu siku kwa baiskeli kutoka Nyarugusu. Shule yenyewe ilikuwa vyumba viwili vya udongo na walimu wawili: Mwalimu Mkuu Luhende akifundisha darasa la tatu na la nne, mimi la kwanza na la pili. Baba wa watoto wetu wengi walikuwa migodini. Wakilipwa mshahara, mshahara unageuka ng'ombe, na ng'ombe ndiye anayerudi nyumbani kabla ya mwenye ng'ombe. Kwa kuwa nilikuwa msichana na sikuolewa, haikufaa nikae peke yangu, nikapewa chumba nyumbani kwa Mwalimu Mkuu. Zamani kilikuwa ghala la pamba. Hata baada ya kukipiga lipu ya samadi mara mbili bado kilinuka mbegu za pamba, na kuta zake ziliishia chini ya paa, zikaacha mwanya wa mkono mzima. Kwa hiyo kila lililosemwa sebuleni nililisikia, nitake nisitake. Chakula tulikula jikoni mimi na Mama Kulwa na mapacha wake, ugali wa mtama na mlenda, na asubuhi michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa na karanga. Mama Kulwa alikuwa na mdomo mkali na mkono mwepesi wa kugawa. Kila akinipakulia aliniambia, "Kula, mwalimu. Chaki haishibishi."

Nilikuwa na njaa nyingine. Sijui kama walimu wa leo, wanaoitwa semina mpaka wanazichoka, wanaweza kuielewa. Nilikuwa najua kufundisha kwa namna moja tu: naandika ubaoni, naimba, watoto wanaimba, asiyeimba anachapwa. Moja na moja mbili, mbili na mbili nne, wanatingisha vichwa kwa pamoja, na ukimvuta mmoja pembeni ukampa maharage saba na mengine matano, ukamuuliza yako mangapi, anakutazama tu. Nilikuwa naona kabisa kwamba hawajui. Nilikuwa naona na sikuwa na la kufanya. Kitabu cha mwalimu kilikuwa kimoja, kimeliwa na mchwa kuanzia ukurasa wa mwisho. Hakuna wa kumuuliza. Nikimuuliza Mwalimu Mkuu aliniambia, "Kazana tu, binti yangu, wataelewa." Nikakazana. Sauti ikanikauka.

Ndipo ikaja barua ya Bwana Msimamizi wa shule, kwamba kutakuwa na kozi ya wiki sita Shinyanga kwa ajili ya njia mpya za kufundisha hesabu, na kila shule imtume mwalimu mmoja. Mwalimu Luhende aliisoma akiwa amesimama mlangoni, akanikabidhi. "Jina lako ndilo nitakaloandika," alisema. "Mimi mtu mzima, macho yangu yamechoka. Nani ataniangalizia mifugo wiki sita?" Nilitaka kumpigia magoti. Nilifua magauni yangu yote mawili siku hiyo hiyo, kana kwamba lori liko nje linapiga honi. Majibu yalichukua karibu mwezi mmoja. Yalikuwa mistari minne. Walisema wanashukuru, ila chuoni hakuna bweni la wanawake, kwa hiyo shule itume mwalimu mwanamume. Huenda mwakani masista wa mjini wakakubali kuwalaza walimu wa kike wachache, na hapo Bwana Msimamizi atamchagua mmoja katika eneo lake.

Kitanda! Nilikosa kozi kwa sababu ya kitanda. Ningelala chini. Ningelala jikoni kwa wapishi, ningelala kwenye benchi la darasa. Nilimwambia hivyo Mama Kulwa nikiwa natwanga mtama, natwanga mpaka unaruka nje ya kinu, naye akanipokonya mchi. "Mtama haujakukosea kitu," alisema. Mwalimu Luhende akaenda, amechukia, na koti lake la harusi, na mkoba wa michembe. Akaniacha na madarasa manne peke yangu wiki sita. Nilikuwa nakimbia kutoka chumba hiki kwenda kile, huku wanasoma, kule wanapigana. Nilivumilia kwa sababu kabla ya kupanda lori aliniahidi mbele ya mkewe: "Kila nitakachopewa, nitakuletea wewe."

Alirudi amenenepa kidogo na ana daftari. Lilikuwa la jalada gumu, jeusi, ameliandika jina lake kwa wino. Alilifunga kwenye kitambaa, akaliweka kwenye sanduku la bati pamoja na vyeti na hati ya kodi, na ufunguo akauvaa shingoni. Sitanii. Nilimpa siku mbili apumzike, ya tatu nikamwomba daftari. Akasema daftari la kozi halitoki, atanisomea. Basi jioni, kabla ya taa, akaketi kwenye kiti chake cha kamba, mimi kwenye kigoda, akanisomea kama padri anavyosoma waraka wa askofu. "Hesabu ianze na vitu kabla ya tarakimu." Akanyamaza ili maneno yaniingie. "Vitu hivyo vitokane na mali ya nyumbani kwa mtoto." Akanyamaza tena. Nikauliza, "Maana yake nini, Baba Kulwa? Walifanyaje huko? Walishika nini mikononi?" Akapitisha kidole kwenye mstari. "Maana yake ni hiyo iliyoandikwa." Nikamwambia naomba anionyeshe basi, kama mkufunzi alivyowaonyesha. Akasema mkufunzi alionyesha kwa haraka, na yeye alikuwa anaandika. Hapo nikaelewa kilichotokea, na moyo ukaniuma. Wiki sita nzima alikuwa ameinamisha kichwa anaandika. Hakuwahi kutazama. Mtu aliyetazama wiki moja tu angerudi na kitu, yeye akarudi na maneno, yamenyooka kwenye mistari, hata kosa la mwandiko hakuna.

Leo nikikumbuka namhurumia. Alikuwa amefundisha miaka mingi kwa namna ile ile, wamemwita mjini uzeeni kumwambia amekosea, katikati ya vijana wenye suruali zilizopigwa pasi. Mtu wa namna hiyo hawezi kunyoosha kidole akauliza. Anaandika. Anaandika ili asionekane. Lakini mwaka ule sikuwa na huruma hiyo, nilikuwa na miaka ishirini, na nilitaka kumng'ata.

Mambo yaliharibika Alhamisi moja. Aliingia darasani kwangu na daftari kwapani, akasimama mbele ya watoto wangu wa kwanza na wa pili, akawaambia kwamba kuanzia sasa shule yetu inafuata njia mpya. Kesho kila mmoja aje na hesabu ya mali ya nyumbani kwao: baba ana ng'ombe wangapi, wakubwa wangapi na ndama wangapi. Na la tatu na la nne alikuwa ameshawaambia. Nilimfuata nje mbio. "Mwalimu Mkuu, ng'ombe?" "Kozi imesema mali ya nyumbani," akanijibu. "Mali ya nyumbani hapa ni nini? Kuku?" Nikamwuliza kwa adabu, maana nilikuwa mgeni kwa Wasukuma lakini si mjinga, "Na wewe wako wangapi, Baba Kulwa?" Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Ala! Hayo si mambo ya kuulizana, binti." Akasema hivyo, akageuka, akaenda zake, wala hakuona alichokisema. Kalamu ya kozi ilikuwa imemziba macho kabisa.

Maana si kwamba tu mtu wa huku hatangazi idadi ya ng'ombe wake. Ukimwuliza atakwambia anao wachache, hata kama wanajaza bonde. Mwaka ule lilikuwepo kubwa zaidi. Serikali ilikuwa inataka mifugo ipunguzwe, na ng'ombe walikuwa wanatozwa kodi. Makarani walipita vijijini na madaftari wakiandika, na walipopita, ng'ombe walipungua. Watu walikuwa wanaswaga mifugo kuificha porini. Halafu mwalimu, mwenye daftari jeusi, aliyetoka juzi tu Shinyanga kuitwa na serikali, anawatuma watoto wahesabu ng'ombe wa baba zao. We! Kesho yake nilipiga kengele yetu, ile rimu ya gari iliyoning'inizwa, nikapiga mpaka mkono ukafa ganzi. Wakaja watoto tisa. Watano kati yao walikuwa wa fundi cherehani, ambaye hana hata mbuzi.

Jumatatu wakaja sita. Mwalimu Luhende akasema wazazi wa huku hawapendi maendeleo. Nikamwambia, na sauti yangu haikuwa ya adabu tena, kwamba wazazi wanatuona makarani wa kupunguza ng'ombe. Alikaa kwenye benchi la watoto, magoti yakagusa kidevu. Jambo hilo halikuwa limemwingia akilini hata kidogo. Na barua ya Bwana Msimamizi ilikuwa mezani: anakuja baada ya wiki tatu kuona kozi imeleta matunda gani, na pia kuchagua mwalimu wa kike wa mwakani, kwa sababu masista wamekubali, kitanda kipo. Kipo kimoja kwa eneo zima. Niliisoma barua ile mara nyingi mno. Kitanda changu kipo, na shule yangu ina watoto sita.

Nikaenda nyumba kwa nyumba. Kila baada ya masomo, nyumba tatu au nne, miguu imejaa vumbi mpaka magotini. Kisukuma changu kilikuwa cha kuokoteza. "Mwadila, mayu," nasalimia. Wananijibu vizuri, wananipa kigoda, wananipa maji, na mtoto wangu wa darasa la pili namwona kabisa anachungulia nyuma ya kihenge, halafu naambiwa amekwenda kwa shangazi yake Masumbwe. Mzee mmoja aliniuliza waziwazi, "Mwalimu, wewe siku hizi ni karani wa mifugo?" Nikaapa kwa Bikira Maria. Akacheka, akasema, "Hata karani aliyepita aliapa." Nilirudi siku hiyo nikalia kwa hasira, si kwa huzuni, na nilimkasirikia kila mtu: Mwalimu Luhende, mkufunzi wa Shinyanga, serikali, na huyo aliyejenga chuo akasahau kwamba wanawake nao hulala.

Nyumba ya Mama Kabula ndiyo iliyonifumbua. Alikuwa uani anafunga nyasi za kuezekea, na binti yake Kabula, mwanafunzi wangu ambaye darasani sikuwahi kumsikia akitaja jibu sahihi, yuko naye. Nikakaa, nikanyamaza, nimechoka hata kujieleza. Mama anakata ncha, Kabula anapanga vishikizo, yaani nyasi za kujaa mkono mmoja. Vikifika kumi, mtoto anavifunga mzigo mmoja kwa kamba ya gome la mti, anatupa pembeni, anaanza vingine. Vikibaki visivyotimia kumi anaviacha wazi, havifungi. Mama akamwuliza, "Tuna mizigo mingapi?" Kabula hata hakugeuka. "Minne, na vishikizo sita." Nikamwuliza kama baba yake akichukua vishikizo tisa, itabaki nini. Akafungua mzigo mmoja, akatoa, akatazama. "Mitatu na saba." Mtoto yule, niliyekuwa namchapa! Nilishikwa na aibu mpaka masikio yakawaka moto. Na ndipo sentensi ya daftari ikanifunguka yenyewe, pale uani, bila mkufunzi. Kwamba nisiende kuuliza nyumbani kuna nini. Nitazame mtoto anafanya nini kwa mikono yake.

Nilikata mabua ya mtama, nikayakata vijiti vya urefu wa kidole, mamia kwa mamia, mimi na Mama Kulwa na mapacha, vidole vikatoka malengelenge. Nikamwomba Mama Kabula aseme kwa wenzake kisimani kwamba shuleni watoto wanahesabu mabua, si ng'ombe, na anayetaka kuhakikisha aje atazame. Wakaja kutazama kweli, kina mama watatu, wakasimama dirishani na ndoo vichwani. Siku iliyofuata watoto wakaanza kurudi, mmoja mmoja, hata waliokuwa Masumbwe kwa shangazi. Mwalimu Luhende aliingia akakuta sakafu imejaa mafungu na vijiti. "Takataka zote hizi?" akasema. "Bwana Msimamizi akikuta hivi atasema nini? Kwenye kozi walitumia vijiti vya kiberiti." Nikamwuliza kwa nini hakuniambia tangu mwanzo kwamba walitumia vijiti. Akasema hakuviandika, kwa sababu mkufunzi hakuvitaja, alivishika tu. Nilitoka nje nikaenda kusimama nyuma ya choo mpaka moyo ulipotulia.

Jioni hiyo nikasikia juu ya ukuta Mama Kulwa akimpa mumewe vidonge vyake. "Watoto wamerudishwa na nani?" "Na Mwalimu Tereza," akakubali. "Basi mwache na mabua yake." "Lakini mgeni akija, asikute mabua." "Akute nini?" akasema Mama Kulwa. "Ng'ombe?" Nikasikia mtu mzima anacheka, kwanza kwa kujizuia, kisha kwa nguvu, na mkewe naye. Hata mimi nilicheka kule ghalani, nikiwa nimeziba mdomo na shuka. Mabua yakabaki.

Bwana Msimamizi alikuja kwa pikipiki, kaptula na soksi ndefu, mtu wa pwani mwenye Kiswahili cha kuteleza. Alikaa nyuma ya darasa langu kutoka mwanzo wa somo hadi mwisho. Watoto walifunga, wakafungua, wakajumlisha, wakatoa. Kabula alieleza mbele ya wote kwa nini fungu linafunguliwa, kwa kelele zake za uani, bila woga. Yule bwana akaacha kuandika. Alipiga magoti na soksi zake safi, akachukua vijiti, akamwuliza mtoto mwingine, na mwingine. Kisha akasimama, Mwalimu Luhende yuko ubavuni kwake, watoto wote wametega masikio. "Mwalimu, somo hili zuri sana. Umelipata wapi?"

Nimeishi na swali hilo. Nililiota. Jibu nilikuwa nalo, fupi kabisa, uani kwa Mama Kabula. Lakini mwenyeji wangu, mtu ninayemwamkia shikamoo kila asubuhi, amesimama mbele ya wanafunzi wake na koti lake la harusi, shingoni uzi wa ufunguo unaonekana. Nikasema, "Nimefundishwa na Mwalimu Mkuu, bwana, aliporudi kozi." Lilinitoka lenyewe. Hivyo ndivyo nilivyolelewa, humvui nguo mkubwa wako hadharani. Niliamini pia kwamba yeye naye atasema la kwake, kwamba atasema, "Hapana bwana, huyu binti amejitahidi mwenyewe." Hivyo ndivyo inavyokuwa kati ya watu wenye heshima, mmoja anainua, mwingine anarudisha. Nikangoja. Mwalimu Luhende akakohoa, akasema, "Tunajitahidi, bwana."

Walikula kuku sebuleni, sisi jikoni. Ukuta ni ule ule. Nilimsikia Bwana Msimamizi, mdomo umejaa, akisema alikuja na nia ya kumpa yule binti nafasi ya masista. "Lakini nimeona si haki. Yeye hapa ana mwalimu wake nyumbani. Kuna wasichana kwenye shule nyingine hawana hata wa kuwauliza. Nafasi nitampa wa Masumbwe. Na wewe, Mwalimu Luhende, likizo hii nitawakusanya walimu wa eneo zima, uwafundishe kama ulivyomfundisha huyu." Mama Kulwa aliacha kutafuna. Mimi na yeye tulikuwa tunatazamana juu ya sufuria. Tukangoja wote wawili. Kutoka sebuleni ikaja sauti ya Baba Kulwa, ndogo, "Ndiyo, bwana."

Sikumsemesha siku nne. Ya tano nilimkabili chini ya mti wa kengele. "Kwa nini hukusema?" Alikuwa ameshajiandaa, nadhani, maana alijibu mara moja. "Wewe mwenyewe ulisema, mbele ya watoto. Ningesema sivyo, ningekufanya mwongo." Hakuna jibu lililowahi kunichoma kama hilo, kwa sababu lilikuwa kweli. Nilijifungia mlango mwenyewe, kwa mdomo wangu, kwa adabu yangu nzuri ya masista. Nimefundisha miaka mingi baadaye na sijawahi kuamua nilikosea au la. Asubuhi nasema nilifanya utu. Jioni nasema nilikuwa mpumbavu. Kozi ile sikwenda mwaka ule, wala uliofuata. Baada ya hapo niliolewa, na walioolewa hawakuitwa.

Zilipobaki siku chache shule ifungwe, alikuja darasani wakati wa mapumziko, ameshika daftari jipya, jeupe, halijaandikwa kitu. Akaliweka juu ya meza yangu kwa mikono miwili. "Mwalimu Tereza, niandikie lile somo. Walimu watakuja wengi." Nikalitazama lile daftari. Nikaona kabisa atakavyosimama mbele yao akisoma mstari kwa mstari, nao wameinamisha vichwa wanaandika, na kila mmoja atakwenda kwake kuwauliza watoto kuhusu ng'ombe. Nikamrudishia. "Siandiki," nikasema. "Ukilitaka, kaa na watoto." Nilijua ninachomfanyia. Mwalimu Mkuu, mtu wa mvi, akae benchi moja na watoto wa darasa la pili. Nilitaka akatae. Kusema kweli niliomba akatae, ili nimchukie vizuri.

Alikaa. Nilipopiga kengele alikuwa ameshakaa, benchi la nyuma, magoti kidevuni. Nikampa vijiti vyake thelathini na mbili kama nilivyompa kila mtoto, nikawaambia watoe saba. Watoto walimaliza. Yeye alifunga mafungu matatu vizuri sana, kamba zimekaza, akabaki na vijiti viwili mkononi, akawa anavitazama, anatazama mafungu, anatazama tena viwili. Jasho lilimtoka. Hakuwa na kalamu, nilikuwa nimemkataza. Darasa zima likageuka. Nilisimama pale mbele na sikumsaidia, nikamwacha aungue. Kisha mkono wa Mwalimu Luhende ukainuka, polepole, mpaka juu kabisa kama wa mtoto.

"Mwalimu," akasema, "hapa sijaelewa."

Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, nimeyakusanya tangu barua ya kitanda. Nikapita katikati ya mabenchi, nikainama, nikafungua fungu lake moja, vijiti vikatawanyika mezani. "Hesabu," nikamwambia. Akaanza na kidole chake kizee, kwa sauti, na watoto wakamsaidia.